Klabu inakosa viongozi: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Mkutano mkuu umefika kwenye uchaguzi. Mwenyekiti anaomba majina ya kupendekezwa, na ukumbi mzima unainamia simu. Atakayepona ni yule aliyetoka nje kupokea simu dakika tano kabla, au ndiye atakayechaguliwa, kutegemea klabu ilivyo.

Mwongozo huu unahusu klabu za kujitolea zenye wanachama kama 15 hadi 60: klabu za jogging zinazofanya na usafi wa mtaa, vikundi vya kuchangia damu, vya kupanda miti, vya kusaidiana kwenye misiba na harusi. Hakuna mshahara, na kila kiongozi ana kazi yake nyingine inayomlisha. Anayekataa cheo katika klabu ya namna hii mara nyingi ana sababu ya kweli. Ameona kazi isiyo na mipaka, au fedha zinazopita kwenye simu ya mtu binafsi, au namna mwenyekiti aliyepita alivyosemwa. Kumbembeleza hakubadilishi kitu hapo. Kitengenezeni cheo kwanza, ndipo mumtafute mtu.

Kabla ya kuchagua tiba, fanyeni vipimo viwili. Cha kwanza, mtu mmoja anayeaminika azungumze faragha na watu watatu waliowahi kukataa, awaulize: "Kitu gani kingebadilika, ungekubali?" Asiwaulize kwa nini walikataa, kwa sababu swali hilo huleta majibu ya adabu: watoto, kazi, safari. Cha pili, viongozi wa sasa waandike kwa wiki 4 kila walichofanya kwa ajili ya klabu na muda kiliochukua, zikiwemo simu za usiku. Majibu ya vipimo hivi yatawaonyesha ni dalili ipi kati ya hizi mnayo. Klabu nyingi zina mbili au tatu kwa pamoja.

Dalili: kimya siku ya uchaguzi

Chanzo kikubwa ni kwamba watu wanaombwa hadharani, bila taarifa, kazi ambayo hawajaelezwa. Mtu mwenye busara hawezi kukubali jambo la mwaka mzima kwa sekunde kumi mbele ya wenzake 40, hajazungumza na mwenzi wake wala kuangalia ratiba ya kazini. Hapo jibu la salama ni hapana.

Undeni kamati ya uteuzi ya watu 3, wiki 8 kabla ya uchaguzi. Wasiwe wagombea. Wapeni orodha ya wanachama wote pamoja na daftari la mahudhurio la miezi 6, waangalie nani anafika, nani anabaki kukunja viti, nani akisema atafanya anafanya. Msemaji mzuri wa kwenye grupu la WhatsApp si lazima awe kiongozi mzuri, na mara nyingi katibu bora ni yule asiyesema sana lakini anakumbuka mlikubaliana nini mwezi uliopita.

Kisha mjumbe mmoja amfuate mtu huyo ana kwa ana, akiwa na karatasi moja yenye kazi za cheo. Maneno yawe kama haya:

"Dada, kamati ya uteuzi imenituma kwako. Tunatafuta katibu wa kuanzia Julai hadi Juni mwakani. Kazi zake ndizo hizi hapa. Ni kama saa tano kwa mwezi, na saa mbili kati ya hizo ni mkutano ambao unahudhuria hata sasa. Tumekufikiria kwa sababu mwezi wa pili wewe ndiye uliyekumbuka ahadi yetu kwa shule, na ukaifuatilia mpaka ikaisha. Anayemaliza muda atakaa na wewe mikutano miwili. Usinijibu leo, nitakupigia Alhamisi."

Maneno hayo yana tarehe ya mwisho, idadi ya saa, jambo alilolifanya yeye mwenyewe, msaada, na nafasi ya kufikiri. Kuna kauli mbili zinazoharibu. Moja ni "kazi ni ndogo tu". Akigundua si ndogo, hatawaamini tena, na mwakani atawaonya wenzake. Nyingine ni "bila wewe klabu itakufa", maana inamtwika mzigo wa klabu nzima hata hajaanza.

Akikataa, aulizwe jambo moja la mwisho: je, kuna kipande cha kazi hii ambacho angekichukua? Wengi wanaokataa ukatibu hukubali kutunza daftari la mahudhurio. Mwanzo huo unatosha.

Klabu za Rotary, zikiwemo za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hufuata katiba inayotaka rais ajaye achaguliwe angalau miezi 18 kabla ya kushika nafasi, na mwaka wao wa uongozi huanza Julai 1. Anayengoja hupata zaidi ya mwaka wa kuangalia kazi inavyofanyika. Klabu ya mtaa haihitaji muda mrefu hivyo, lakini mnaweza kumchagua makamu mkijua wazi kwamba ndiye mwenyekiti wa mwaka ujao. Hilo peke yake huondoa nusu ya hofu.

Dalili: anachaguliwa ambaye hakuhudhuria

Aliyekosa mkutano anaamka na kukuta amekuwa mhazini. Chanzo ni kilekile cha kimya, ila hapa klabu imetafuta njia ya mkato. Matokeo ni mabaya mara mbili: mteule hana moyo wa kazi, na wanachama wanajifunza kwamba kuhudhuria ndiyo kinga ya kutochaguliwa, kwa hiyo wanakuja kulinda viti vyao na si kufanya uchaguzi. Andikeni kwenye katiba kwamba hakuna jina litakalopigiwa kura bila ridhaa ya mwenyewe, ya mdomo mkutanoni au ya maandishi kwa kamati ya uteuzi. Kifungu kimoja kinatosha.

Dalili: "muda sina"

Angalieni ile rekodi ya wiki 4. Mara nyingi mtagundua kwamba mwenyekiti ndiye anayeagiza fulana, anayepiga simu kwa afisa afya wa kata, anayebeba mafagio, anayesuluhisha ugomvi, na anayewakumbusha watu ada. Cheo kimoja kina kazi za watu wanne. Anayesema hana muda amefanya hesabu na yuko sahihi.

Igawanyeni kazi hiyo. Toastmasters, klabu za kujifunza kuzungumza mbele ya watu, zina viongozi 7 kwa klabu moja, na klabu inayokutana kila wiki inaruhusiwa kuchagua wapya kila miezi 6. Kwa klabu ya watu 30, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: mwenyekiti anaendesha vikao na kusaini, makamu anasimamia mazoezi au shughuli ya mwezi, katibu anaandika mihtasari na kutoa matangazo, mhazini anaandika mapato na matumizi, mtunza vifaa anashika ufunguo wa stoo, mjumbe wa misiba na wagonjwa anakwenda kutoa pole na kurudisha taarifa. Huyu wa mwisho msimsahau. Katika mitaa yetu kazi ya misiba ni kubwa kuliko nyingine zote, na inapoachwa kwa mwenyekiti humaliza nguvu zake na akiba yake.

Tukio kubwa la mwaka, kama bonanza au siku ya kuchangia damu, lipeni kamati yake inayovunjika wiki 2 baada ya tukio. Mtu asiyeweza kutoa mwaka anaweza kutoa wiki 6.

Gharama nazo zinahesabika hapa. Bando, nauli, fotokopi na karatasi vikitoka mfukoni mwa kiongozi, "muda sina" huwa njia ya heshima ya kusema "fedha sina". Tengeni fungu la uendeshaji, mathalani asilimia 10 ya michango, mhusika arudishiwe ndani ya wiki moja akileta risiti au ujumbe wa muamala.

Dalili: nafasi zote zinajaa isipokuwa uhazini

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu cheo hiki ndicho kinachovunja urafiki na majina ya watu.

Mwanachama akikataa uhazini, tuhuma ndiyo anayoiogopa. Ana haki, maana klabu nyingi zimemwekea mazingira ya kutuhumiwa hata akiwa mwadilifu kabisa. Michango inatumwa kwenye namba yake binafsi, inachanganyika na ya matumizi ya nyumbani. Kama ana deni la Songesha Tanzania, au Fuliza Kenya, huduma za M-Pesa za kukopeshwa salio lisipotosha, mfumo unalipa deni hilo wenyewe kutoka kwenye fedha inayoingia, yaani michango ya klabu inakatwa bila yeye kugusa kitu. Kisha yapo makato. Akitoa fedha kwa wakala au akiituma benki kuna ada, na kama haziandikwi, mwisho wa mwezi kutakuwa na upungufu usioelezeka. Saa nne usiku kuna msiba, mwenyekiti anapiga simu, "mhazini toa laki na nusu tutaandika kesho", na kesho haiandikwi.

Hiyo ndiyo kazi mnayomwomba aifanye. Irekebisheni hivi.

Kwanza, fedha isipite kwenye laini ya mtu. Fungueni akaunti ya kikundi benki, au ya kikundi kwenye simu. M-Koba ya Vodacom Tanzania, kwa mfano, ni ya vikundi. Watia saini wawe watatu, na kila fedha inayotoka ihitaji wawili. Watia saini wasiwe ndugu wala wanandoa.

Pili, tenganisheni anayeandika na anayeshika. Vikundi vya hisa vya kuweka na kukopa, mfumo ulioanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea sana kwetu, hutumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, sanduku kwa mwingine, na fedha huhesabiwa mbele ya wote na wahesabuji wawili. Hakuna anayeweza kuiba peke yake, hivyo hakuna anayeweza kushukiwa peke yake. Klabu isiyo na sanduku inaweza kuiga mpangilio huo: mjumbe mmoja anapokea fedha taslimu na kutoa stakabadhi, mhazini anaandika, na mwingine anapeleka benki ndani ya siku 2.

Tatu, wekeni ukomo wa fedha taslimu, tuseme Sh 100,000, na kiwango cha rambirambi kiandikwe kwenye katiba: kiasi gani kwa mwanachama, kwa mwenzi na mtoto, kwa mzazi. Kiwango kikishaandikwa, simu ya saa nne usiku haina cha kujadili.

Nne, taarifa ya kila mwezi iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa dakika 2:

Salio la kuanzia: 412,000
Michango, watu 31 × 10,000: 310,000
Maji na matunda: 85,000
Rambirambi: 150,000
Nauli za kamati: 24,000
Makato ya miamala: 6,500
Salio la kufunga: 456,500
Lililopo: akaunti 400,000, taslimu 56,500

Mstari wa mwisho ndio unaomlinda mhazini. Salio la kufunga ni hesabu ya kwenye karatasi. Lililopo ni fedha yenyewe. Mjumbe asiye mtia saini aangalie taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo, ahesabu fedha taslimu, kisha asaini chini. Namba mbili zisipolingana, tofauti itafutwe siku hiyohiyo. Tofauti ya Sh 6,500 ya mwezi mmoja huonekana haraka. Ya miezi 9 inakuwa kesi.

Mkishafanya haya manne, rudini kwa yule aliyekataa na mumwonyeshe karatasi.

Kuna hofu nyingine inayofanana na hii: "nikisaini, nitadaiwa mimi." Si hofu ya bure. Klabu isiyosajiliwa haina nafsi yake kisheria, kwa hiyo aliyesaini mkataba wa basi au ukumbi anaweza kudaiwa yeye binafsi. Isajilini klabu. Wakati mnasubiri usajili, msichukue kitu kwa mkopo, na kila mkataba utanguliwe na muhtasari wa kikao ulioidhinisha kiasi.

Dalili: "uongozi ni lawama"

Someni ujumbe wa miezi 3 kwenye grupu. Mkiona mwenyekiti akihojiwa saa tano usiku mbele ya watu wote kuhusu fulana zilizochelewa, na hakuna aliyesema ahsante zilipofika, chanzo mmekipata. Wengine wote wanasoma kimya na kuamua kwamba wao hawataingia hapo kamwe.

Fungueni grupu la pili la matangazo tu, ambalo viongozi pekee ndio wanaandika. Lalamiko kuhusu fedha au mtu liende kwa mjumbe wa malalamiko, lijibiwe ndani ya siku 7, na lisipojibiwa liletwe kikaoni. Ujumbe wa kumshambulia mtu ufutwe na msimamizi, na aliyeuandika apigiwe simu. Asijibiwe hapohapo. Na kila kikao kianze na dakika 3 za kutaja nani alifanya nini mwezi huo, kwa majina. Watu wanaona haya kushukuru, lakini mwanachama mpya hujifunza hapo kwamba anayefanya kazi huonekana.

Dalili: "mzee yupo, anatosha"

Mwenyekiti ni mwanzilishi, ana miaka 8 au 12 kwenye kiti, anaheshimika, na kila uchaguzi anapita kwa makofi. Vijana wakiombwa wanakataa, kwa sababu kukubali kutaonekana kama kumpindua mzee. Yeye mwenyewe huenda amechoka na anangoja mtu ajitokeze. Kila upande unamwonea haya mwenzake.

Jambo hili halifai kuanzia mkutanoni. Watu wawili anaowasikiliza, ikiwezekana wa rika lake, waende kwake nyumbani wakamuulize angependa klabu iweje akiwa pembeni. Akiwa tayari, mtoeni kwa heshima: apewe ulezi wa klabu, wenye kazi mbili au tatu zilizoandikwa, kama kupatanisha na kuiwakilisha klabu kwa viongozi wa serikali ya mtaa. Tangazo la kutogombea alitoe mwenyewe, miezi 3 kabla. Asiwe mjumbe wa kamati tendaji, maana akikaa mezani mwenyekiti mpya atakuwa anamtazama usoni kila anapotaka kuamua.

Baada ya hapo, katiba iweke ukomo: mwaka 1 au 2, kwa vipindi visivyozidi viwili. Ukomo unamsaidia anayeingia zaidi ya anayetoka, kwa sababu anajua mlango wa kutokea uko wapi.

Dalili: wanawake wanakubali unaibu tu, na wengine wanasema "mimi sijasoma"

Angalieni saa ya kikao. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kinagongana na mapishi, na kinaisha giza limeingia, barabarani kuna bodaboda tu. Hamisheni kiwe Jumapili saa mbili na nusu asubuhi, mara baada ya mazoezi. Mkifanya hilo kabla ya kusema lolote kuhusu usawa, mtaona majina mapya.

Kwa asiyejiamini kwenye kuandika, muhtasari uwe na fomu: tarehe, waliohudhuria, maamuzi, nani atafanya, lini. Safu hizo zinatosha, na zijazwe kwa Kiswahili cha kawaida. Au gawanyeni ukatibu kwa watu wawili, mmoja aandike, mwingine atoe matangazo kwa sauti. Hesabu nyingi za vikundi vya hisa zinatunzwa vizuri na watu walioishia darasa la saba, kwa sababu daftari limepangwa vizuri.

Dalili: alikubali, miezi mitatu baadaye hapatikani

Alikabidhiwa mkoba na kuachwa. Makabidhiano yanayofaa yana mikutano miwili: wa kwanza anayetoka anaendesha na mpya anatazama, wa pili mpya anaendesha na wa zamani amekaa pembeni. Kati ya hiyo miwili, vikabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa na wote wawili mbele ya shahidi: katiba, daftari la mihtasari, daftari la fedha, mhuri, cheti cha usajili, funguo, usimamizi wa grupu la WhatsApp, na namba za simu za watu wa nje mnaofanya nao kazi.

Panapokwama mara nyingi ni benki. Kubadilisha watia saini kunahitaji muhtasari wa uchaguzi uliosainiwa na vitambulisho vya wapya, na kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Msipoanza wiki ileile ya uchaguzi, mhazini mpya atakuwa anaomba saini za mzee aliyekwisha hamia mkoa mwingine, na atachoka kabla hajaanza. Kama mmesajiliwa, msajili naye apelekewe majina mapya.

Mwezi wa pili, mjumbe wa kamati ya uteuzi ampigie amuulize kitu gani ni kigumu kuliko alivyoambiwa. Akisema anataka kuacha, aruhusiwe bila maneno. Klabu ambayo kujiuzulu ni aibu hupata wagombea wachache zaidi mwaka unaofuata.

Mmefanya yote, na bado hakuna

Kuna kukataa kunakopaswa kukubaliwa: mgonjwa, mfiwa, anayelea mzazi, anayedaiwa na klabu. Ondoeni majina hayo mhesabu waliobaki. Kama ni chini ya mara mbili ya idadi ya vyeo, basi vyeo ni vingi kuliko klabu. Punguzeni vibaki vitatu, mwenyekiti, katibu na mhazini, kisha punguzeni na shughuli kwa kiasi hichohicho: mazoezi na usafi mara moja kwa mwezi, bonanza lisubiri.

Wakipatikana wawili tu, kamati ya muda ya miezi 3 inaweza kuendesha klabu, kwa sharti kwamba haitaanzisha mchango mpya na haitatoa fedha isipokuwa rambirambi. Miezi hiyo ikiisha bila mtu wa tatu, itisheni mkutano wenye ajenda moja, klabu iendelee au ifungwe. Ikifungwa, mali igawanywe kama katiba inavyosema, taarifa ya mwisho ya fedha isomwe na kusainiwa, na akaunti ifungwe na watia saini wote wakiwepo.